Je, Wajua Kwa Nini Mbwa Mkubwa Hucheleweshwa Kuhasiwa?

Kwa miaka mingi, mwenye mbwa aliyeuliza mtoto wa mbwa ahasiwe lini alijibiwa kwa mkato: akifika miezi 6. Jibu hilo ni jepesi kukumbuka na bado linawafaa mbwa wengi, ila lilizoeleka kwa urahisi wake kuliko kwa ushahidi. Katika umri huo mnyama huwa amekwisha kupata chanjo za utotoni, ana mwili wa kustahimili nusukaputi, na majike wengi hawajaingia kwenye joto, yaani kipindi ambacho jike huwa tayari kupandwa. Siku hizi daktari wa mifugo aliye makini hatoi umri kabla hajajua mambo mawili, yaani mbwa huyo akikomaa atakuwa na uzito gani, na kama ni dume au jike. Majibu ya maswali hayo yanaweza kusogeza siku ya upasuaji kwa karibu mwaka mzima.

Uzito unaingia kwa sababu ya mifupa. Karibu na ncha za kila mfupa mrefu wa mtoto wa mbwa kuna tabaka jembamba la gegedu ambamo seli mpya huzaliwa, hupangana na hatimaye kugeuka mfupa, na hapo ndipo urefu wa mguu unapotoka. Katika picha ya eksirei, tabaka hilo huonekana kama mstari mweusi unaokata mfupa, na mtu asiyezoea anaweza kudhani kwamba mguu umevunjika. Mbwa anapobalehe, homoni za uzazi, hasa estrojeni, ambayo hata dume huipata kwa sababu mwili wake hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, huamuru tabaka hilo lifunge. Mstari mweusi hupotea, na mfupa haurefuki tena.

Kuhasi ni kuondoa chanzo cha homoni hizo. Dume huondolewa korodani, na jike huondolewa ovari, mara nyingi pamoja na mji wa mimba. Ikifanyika kabla ya kubalehe, amri ya kufunga huchelewa kufika na mifupa huendelea kurefuka kwa muda zaidi. Jambo hilo lilithibitishwa katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1991, uliolinganisha watoto wa mbwa waliohasiwa wakiwa na wiki 7, wengine wakiwa na miezi 7, na wengine walioachwa bila kuhasiwa: waliohasiwa mapema walichelewa zaidi kufunga mifupa yao. Kinyume cha imani ya wengi, kuhasi mapema hakumdumazi mbwa. Humwongezea kimo kidogo.

Urefu huo wa ziada peke yake haumdhuru mnyama. Wasiwasi ni kwamba matabaka ya mifupa mbalimbali hayafungi kwa wakati mmoja, hivyo homoni zikiondolewa katikati ya safari, mfupa uliokwisha kufunga hubaki ulivyo huku jirani yake ukiendelea kurefuka, na pembe za kiungo kilichopo kati yao zinaweza kubadilika. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazodhaniwa kuchangia magonjwa ya nyonga na kukatika kwa kano ya ndani ya goti. Mbwa mdogo hukua upesi, hufunga mapema, na viungo vyake hubeba kilo chache, kwa hiyo kasoro ndogo haimwelemei. Mbwa wa aina ya Great Dane anaweza kuendelea kukua hadi umri wa mwaka 1 na nusu, na kila hitilafu ya pembe inabebeshwa makumi ya kilo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walifuatilia suala hili kwa kupitia kumbukumbu za hospitali yao ya wanyama. Mwaka 2014 walichapisha ulinganisho wa Golden Retriever na Labrador. Katika aina zote mbili, mbwa wasiohasiwa waliopata magonjwa ya viungo walikuwa takriban asilimia 5. Kwa Golden Retriever waliohasiwa kabla ya miezi 6, kiwango hicho kilipanda mara 4 hadi 5. Kwa Labrador kilipanda takriban mara 2. Tofauti hiyo kati ya mbwa wawili wanaokaribiana sana kwa umbo inatosha kuonyesha kwamba ukubwa hauelezi kila kitu na kwamba nasaba nayo ina sehemu yake. Mwaka 2020 kundi hilohilo likatoa matokeo ya aina 35 za mbwa, na kwa aina ndogo kama Chihuahua halikuona ongezeko la maana la magonjwa ya viungo. Ikumbukwe kwamba hizi ni kumbukumbu za wagonjwa waliofikishwa hospitalini, wala si majaribio yaliyopangwa, kwa hiyo zinaonyesha uhusiano bila kuthibitisha kisababishi.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na chama cha hospitali za wanyama cha Marekani unafuata mantiki hiyo. Mbwa anayetarajiwa kuwa chini ya kilo 20 hivi akikomaa anaweza kuhasiwa akiwa na miezi 6 kama ni dume, au kabla ya joto la kwanza, yaani miezi 5 hadi 6, kama ni jike. Dume mkubwa asubiri amalize kukua, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 15. Kwa jike mkubwa mwongozo unataja kati ya miezi 5 na 15. Upana wa muda huo ni ungamo la wazi kwamba hapo hakuna jibu moja.

Ugumu wa jike ni kwamba mifupa yake inamtaka asubiri huku viungo vyake vya uzazi vikimtaka aharakishe. Joto la kwanza huja kati ya miezi 6 na 12, ingawa majike wa aina kubwa sana wanaweza kulichelewesha hadi karibu miaka 2. Dalili zake ni uke kuvimba na matone ya ute wenye damu. Kila joto linalopita huacha alama katika tezi za maziwa. Utafiti wa mwaka 1969 unaotajwa hadi leo ulikadiria kwamba jike aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza ana asilimia 0.5 tu ya hatari ya saratani ya matiti aliyonayo jike asiyehasiwa. Akipitia joto moja ni asilimia 8, na akipitia mawili au zaidi ni asilimia 26. Wengi huzisoma takwimu hizo vibaya, wakidhani kwamba majike 26 kati ya 100 wataugua. Hizo ni sehemu za hatari ya jike asiyehasiwa, wala si idadi ya wagonjwa. Tena mapitio ya tafiti yaliyofanywa mwaka 2012 yaliuona ushahidi wote kuhusu jambo hili kuwa dhaifu. Kwa maoni yangu, ushahidi huo unatosha kumfanya mtu asipuuze joto la kwanza, lakini hautoshi kumtia hofu mwenye jike mkubwa aliyeshauriwa kusubiri.

Hatari iliyo dhahiri zaidi ni usaha katika mji wa mimba. Baada ya kila joto, hata kama jike hakupandwa, projesteroni hubaki juu kwa takriban miezi 2, ikinenepesha ukuta wa mji wa mimba na kutuliza kinga yake, na bakteria waliopenya wakati mlango ulikuwa wazi hupata mahali pa kustawi. Kumbukumbu za bima za wanyama nchini Uswidi zilionyesha kwamba takriban robo ya majike wasiohasiwa hupatwa na ugonjwa huo kabla ya kutimiza miaka 10. Bila matibabu ya haraka huua. Kwa upande wa pili, jike mkubwa aliyehasiwa anaweza kuvuja mkojo usingizini, na baadhi ya tafiti zimehusisha tatizo hilo na kuhasiwa akiwa mchanga mno.

Jike akishaingia kwenye joto, upasuaji hauna haraka tena. Mishipa ya damu ya viungo vya uzazi hujaa, na kazi huwa na damu nyingi zaidi, ndiyo maana madaktari wengi husubiri miezi 2 hadi 3 baada ya joto kuisha. Huchunguza pia kama matiti yana maziwa, kwa maana jike anayehasiwa akiwa katika mimba ya uongo anaweza kubaki na dalili zake kwa muda mrefu. Katika kipindi chote hicho asiachwe na dume, hata ndugu wa tumbo moja.

Dume hana kalenda ya namna hiyo, na hivyo kusubiri hakumgharimu sana. Faida anazozipata, kama vile kuepuka saratani ya korodani na kuvimba kwa tezi dume, ni za uzeeni, na miezi michache haizipunguzi. Kuhasiwa humpunguzia tabia ya kuzurura akitafuta majike na ya kukojolea kila pembe, lakini woga, na ukali unaotokana na woga huo, hauondolewi kwa kisu. Unaweza hata kuzidi. Aliyehasiwa leo asichanganywe na jike mwenye joto kesho, kwa kuwa mbegu zilizobaki katika mirija zinaweza kutunga mimba kwa wiki kadhaa.

Makao ya mbwa waliotelekezwa hufanya hesabu tofauti kabisa: mengi huhasi watoto wa kuanzia wiki 6 hadi 8 kabla ya kuwakabidhi. Mahali ambapo kila mimba isiyotakiwa huongeza mbwa wasio na wenyewe, hatari ya goti kuumia miaka ya baadaye huonekana ndogo.

Iwe imeamuliwa miezi 6 au 15, kabla ya kupanga siku daktari hupapasa mfuko wa korodani za dume na kuhesabu. Korodani ambayo haijashuka kufikia miezi 6 kwa kawaida haitashuka tena, na kwa kuwa hukaa katika joto la tumbo, huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuota uvimbe wa saratani. Huyo hahitaji kuhasiwa mapema kuliko wenzake, ila upasuaji wake huwa mkubwa zaidi, maana daktari hulazimika kuitafuta korodani hiyo tumboni au kinenani. Baada ya upasuaji, mbwa wa jinsia yoyote huhitaji chakula pungufu kwa takriban asilimia 20 hadi 30 huku hamu yake ya kula ikiongezeka, na uzito wa ziada huenda kulemea nyonga na magoti yaleyale yaliyofanya upasuaji ucheleweshwe.