Sukuma-vuta: anayesukumwa ni nani?

Juzi nimelisikia tena, tena kwa bwana shamba mwenye uzoefu: "Pandeni desmodiamu, inafukuza funza wa mabua."

Sukuma-vuta ni njia ya kulinda mahindi na mtama kwa harufu za mimea. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari; mabingobingo, nyasi ndefu za malisho, hupandwa kuzunguka shamba. Harufu ya kwanza humchukiza mdudu, ya pili humvutia.

Jina lilianzia Australia mwaka 1987, kwa watafiti wa wadudu wa pamba, na Kiingereza chao, "push-pull", kilitanguliza kusukuma. Magharibi mwa Kenya, ambako watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, waliifikisha njia hii kwa wakulima miaka ya 1990, wengi huligeuza: vuta-sukuma. Sina ugomvi na mpangilio. Ugomvi wangu uko kwenye kitenzi. Kusukuma kunadai mtendwa: nani anasukumwa?

Si funza. Funza huanguliwa pale mama yake alipotaga, na akishajichimbia ndani ya bua hakuna harufu itakayomtoa. Anayechagua ni nondo jike, anayeruka usiku akinusa mmea wa kuachia mayai. Mabingobingo yanamwahi: saa za kwanza za giza, ndipo nondo wanapotafuta pa kutaga, nyasi hizo hutoa harufu nyingi kuliko mahindi. Nondo anakwenda huko, anataga, na funza wakianza kutoboa shina wananaswa na utomvu wake unaonata. Wengi hufa. Hapo kinachoua ni utomvu. Harufu ilimleta mama tu. Ndiyo maana kuiita harufu hiyo "dawa ya kuulia wadudu" nako ni kukosea.

Na "kufukuza" ni neno la aliyekwisha kuingia. Unamfukuza kuku aliye jikoni, humfukuzi aliye kwa jirani. Mkulima akiambiwa desmodiamu inafukuza funza, ana haki ya kungoja aone kwanza majani yenye matundu ndipo atafute mbegu. Atakuwa amechelewa, maana mayai yalishatagwa na kuanguliwa.

Kwa hiyo, bwana shamba wangu, neno moja tu libadilike: desmodiamu humzuia nondo asitage kwenye mahindi. Halafu mwambie mkulima aipande mapema.