Watu kumi na wawili, TP moja

Likelemba, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, haimshindi mtu Lubumbashi. Wanachama wanajulikana, kiasi kinajulikana, zamu inajulikana, na asiyeleta mchango anaonekana siku ileile. Kazi ya kikundi ofisini au chuoni (TP, yaani kazi ya vitendo) mara nyingi haina hata kimoja kati ya vitu hivyo vinne, na ikiharibika lawama huangukia mtandao au umeme. Zifuatazo ni dhana zinazorudiwa sana, pamoja na ukweli wake.

Dhana: tukiwa wengi tutamaliza mapema

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima jambo hili kwa kamba. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1913, watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa karibu nusu tu ya nguvu anazotoa akiwa peke yake. Wanane wakavuta kama wanne. Sababu moja ni kwamba hawavuti kwa wakati mmoja. Nyingine ilidhihirika mwaka 1974, watafiti wa Marekani walipowafunga watu macho na kuwaaminisha kwamba kuna wenzao wanaovuta nyuma yao, kumbe hakuna anayevuta. Hata hapo nguvu zilipungua. Mtu akijua mchango wake hauonekani, mkono unalegea wenyewe, hata kama si mvivu.

Sasa chukua TP ya watu 12, idadi ya kawaida pale ukumbi unapojaa na asistanti ni mmoja. Jozi za watu wanaopaswa kuelewana ni 66 (12 mara 11, gawanya kwa 2). Wagawe katika makundi matatu ya wanne: kila kundi lina jozi 6, jumla 18, ongeza jozi 3 kati ya waunganishaji, mmoja kwa kila kundi, unapata 21. Watu ni walewale, maelewano yanayohitajika ni chini ya theluthi moja. Mwunganishaji asiwe yule anayesema sana. Awe yule anayesoma hadi mwisho.

Kugawa tu hakutoshi, na hapa ndipo kazi nyingi hufia. "Wewe shika utangulizi, mimi nashika sura ya kwanza," kisha kila mtu anakwenda zake. TP ikihusu bei ya unga wa mahindi sokoni, mmoja ataleta bei ya gunia la kilo 25 kwa dola, mwingine bei ya kopo kwa faranga, wa tatu bei za mwezi uliopita. Kila sehemu ni sahihi, ila hazijumlishiki. Kabla ya kugawana, kaeni dakika 40 na muandike ukurasa mmoja tu: swali la kazi kwa sentensi moja, kipimo (kilo), fedha gani na kiwango cha kubadilishia cha siku gani, istilahi kumi mtakazotumia wote, na jina moja mbele ya kila sehemu. Majina mawili mbele ya sehemu moja ni sawa na kutoweka jina. Mkiwa na siku saba, mbili za mwisho ziwe za kuunganisha. Wengi huacha usiku mmoja, ndiyo maana kosa hugunduliwa kwenye duka la fotokopi, kurasa zikishatoka na fedha zikishalipwa.

Dhana: kazi ya kesho ni ya video, na sisi hatuna mtandao wa kutosha

Tupige hesabu. Video inayopita kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, inakula kama megabaiti 14. Ukurasa wa maandishi matupu ni kilobaiti 3 hivi. Kwa hiyo mega zinazoliwa na saa moja ya kutazamana nyuso zingepitisha kurasa 150,000. Watu wanaoshirikiana vizuri wakiwa mbali hutumia muda mwingi kuandika na kusoma, kila mmoja kwa wakati umeme ulipo kwake, na mkutano huitishwa pale tu maandishi yameshindwa kuleta uamuzi.

Faili ya pamoja mtandaoni hufanya kazi hata bila mtandao, mradi uruhusu jambo hilo ukiwa bado umeunganishwa. Umeme ukishakatika umechelewa. Hatari yake ni moja: wawili wakirekebisha aya ileile wote wakiwa nje ya mtandao, wakirudi maneno huchanganyikana. Kila mtu abaki kwenye sehemu yenye jina lake.

Mkitumiana faili kwa WhatsApp, acheni majina kama "TP final" na "TP final ya kweli". Andikeni tarehe kuanzia mwaka, sehemu, na namba ya toleo: 2025-03-14_sehemu2_v03. Simu itayapanga yenyewe kwa mfuatano. Picha za majedwali zitumeni kama dokumenti, kwa sababu zikitumwa kama picha hubanwa na tarakimu ndogo hazisomeki.

Dhana: mawazo bora hutoka tukikaa pamoja

Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha makundi ya watu wanne waliokaa pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakajumlishwa baadaye. Waliokuwa peke yao walitoa karibu maradufu. Kikundini mmoja akisema, watatu wanangoja, na wakingoja wanasahau au wanaona haya. Dawa ni rahisi: dakika kumi za kimya, kila mtu na karatasi yake, kisha zote zisomwe bila kutaja mwandishi. Mwenye cheo asome yake mwisho.

Dhana: anayejua akimweleza asiyejua, anapoteza muda

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, alijenga ufundishaji wake juu ya kinyume chake tangu miaka ya 1990. Uliza swali moja lenye majibu A hadi D, kila mtu achague peke yake, kimya. Waliojibu sahihi wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, waache wabishane na jirani dakika mbili au tatu, kisha wachague tena. Chini ya 30, fundisha upya, maana hakuna wa kumwelekeza mwenzake. Juu ya 70, endelea mbele. Haihitaji mashine: kadi nne za kartoni kwa kila mwanafunzi zinatosha, zinyanyuliwe kwa pamoja mbele ya kifua ili wa nyuma wasichungulie. Anayenyanyua akisubiri kuona za wenzake anaharibu zoezi zima.

Dhana: akili mnemba itashika nafasi ya wenzako

Inaandika rasimu haraka, na pia inabuni vitabu na makala zisizokuwepo kwa uhakika uleule. Anayeitumia aseme ni sehemu ipi, na mwingine atafute kila rejeo kwa mkono wake. Bei ya unga wa leo sokoni haiijui. Mpaka mtu aende.

Dhana: "saa nne" ni saa nne

Kwa mmoja ni saa nne asubuhi, kwa mwingine ni *quatre heures* ya Kifaransa, yaani saa kumi, na Kinshasa wako nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja. Andika: 10h00 Lubumbashi, 9h00 Kinshasa.