Papai bichi, mishikaki na pafu: tunavyokosea kuhusu emfisema

Barazani Kibokoni, mzee akianza kutweta kwa kupanda ngazi mbili tu, hukumu hutoka papo hapo: masizi ya sigara yamemziba mapafu. Masizi yamo kweli, lakini maradhi yenyewe, emfisema, si kuziba. Ni kuta za pafu kuliwa, na zinaliwa na vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe.

Anayejua kuroweka mishikaki atanielewa upesi. Nyama ngumu hupakwa papai bichi lililopondwa. Ukipitiwa na usingizi, asubuhi unakuta imekuwa rojorojo, haishiki hata kijiti. Ni papeini, kimeng'enya cha papai, kilichokatakata protini zake. Katikati ya miaka ya 1960 watafiti wa Marekani waliwatia panya papeini mapafuni, na panya wakapata emfisema. (Usilisusie papai: ukilila, linakwenda tumboni.)

Kwetu sisi kisu hicho kimo ndani ya chembe nyeupe za damu, nacho huitwa elastasi. Moshi ukizidi, chembe hizo humiminika pafuni na kuimwaga. Elastasi hukata elastini, nyuzi zinazolifanya pafu livutike na kurudi kama mpira. Vifuko vya hewa vilivyopakana hupoteza kuta, vikawa kimoja kikubwa kilicholegea. Nafasi ya kupitishia oksijeni hupungua, na hewa iliyoingia hukwama. Wengi hudhani mgonjwa hushindwa kuvuta pumzi. Kinachomtesa zaidi ni kuitoa.

Je, elastasi ni adui? La, husaidia kuua bakteria. Na ini hutengeneza protini ya kuidhibiti, alfa-1 antitripsini. Ubaya wa moshi wa sigara ni kwamba hualika visu, kisha huharibu na ala yake, yaani protini hiyo ya ini.

"Asiyevuta sigara haimpati." Mwaka 1963, Laurell na Eriksson wa Uswidi walieleza upungufu wa protini hiyo ya ini, ambao ni wa kurithi. Mwenye nao anaweza kuugua hata kama hajawahi kugusa sigara, na akivuta huugua mapema zaidi. Tena uko moshi wa kuni na mkaa kwenye jiko lisilo na dirisha, ambao huchangia maradhi haya ya mapafu.

Wengine huiita pumu ya uzeeni. Si pumu: katika pumu njia za hewa hubana na kuachia, hapa kuta zimekwisha.

Na maziwa? Nimeyasikia mno haya, hasa kwa wanaofanya kazi za vumbi: glasi moja jioni husafisha kifua. Maziwa hufuata njia ile ile ya papai: yanakwenda tumboni, si pafuni.

Iliyobaki ni ile ya "nishachelewa, kuacha kwanifaa nini?" Kuta zilizokatika hazirudi, ni kweli. Lakini anayeacha sigara, hata akiwa na miaka 60, pafu lake huchakaa polepole kuliko la mwenzake anayeendelea kuvuta.