Kikombe kingine cha Yusuf

Kaseti ya kwanza ya Yusuf Islam niliyoishika mkononi haikuwa na gitaa hata moja. Ilikuwa ile ya 1995, The Life of the Last Prophet. Sehemu kubwa yake ni yeye anasimulia sira ya Mtume kwa Kiingereza, polepole, kisha inakuja Tala'al Badru Alayna. Sisi watoto wa madrasa tuliijua qasida hiyo tangu tukiwa hatujui hata maana yake, maana hakuna maulidi yaliyopita bila kuisikia. Ustadhi wetu aliisikiliza mara mbili, akaizima redio, akasema: "Huyu anamwimbia mtu anayempenda." Hakusema zaidi. Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba sauti ile ndiyo ya Cat Stevens, mtunzi ambaye nyimbo zake walimu wa gitaa duniani kote huwapa wanafunzi wa mwezi wa kwanza. Kwa hiyo nilimjua kwa kinyume: wengine walianza na gitaa wakaishia kwenye kanzu, mimi nilianza na kanzu. Nadhani ndiyo sababu naisikia albamu yake ya mwaka 2006, An Other Cup, yaani Kikombe Kingine, tofauti na wengi walioiandika. Riziki yangu ni kurekodi vikundi vya qasida mchana na kufundisha gitaa jioni, na albamu hii inakaa katikati kabisa ya kazi hizo mbili.

Kwa ufupi, kwa asiyemjua. Alizaliwa London 1948 kwa jina la Steven Demetre Georgiou, baba Mgiriki wa Cyprus, mama Mswidi. Alikuwa nyota bado kijana. Mwishoni mwa miaka ya 60 kifua kikuu kilimlaza miezi mingi, akatoka hospitali akiwa mtunzi mwingine: mpole, anayeuliza maswali. Hapo ndipo zilipotoka albamu za Mona Bone Jakon na Tea for the Tillerman, zote 1970. Katikati ya miaka ya 70 nusura azame baharini Malibu, akamwahidi Mungu kwamba akiokolewa atamtumikia, na wimbi likamsukuma kurudi pwani. Nduguye alimletea tafsiri ya Qur'ani. Mwisho wa 1977 akasilimu, 1978 akatoa albamu ya Back to Earth, kisha akaziuza gitaa zake na fedha zikaenda kwenye sadaka.

Kutoka hapo hadi An Other Cup ni miaka 28, na husemwa kwamba alinyamaza miaka yote hiyo. Hilo silikubali. Hakunyamaza. Tangu 1995 alikuwa anarekodi anashid, nyimbo za dini, za sauti na ngoma tu, na mwaka 2000 akatoa A Is for Allah kwa ajili ya watoto. Anayenyamaza miaka 28 sauti huota kutu. Yeye alikuwa kwenye chuo kingine, chuo ambacho sisi wa pwani tunakifahamu vizuri: unaondolewa nyuzi zote, unabaki na pumzi yako, dufu, na neno. Hakuna pa kujificha. Ukikosea herufi moja ya sifa ya Mtume, wazee wa safu ya mbele wanakutazama.

Wanafunzi wangu wa gitaa huwa siwaambii hivyo kwa maneno. Nawawekea wimbo mmoja wa 1970 kisha mmoja wa An Other Cup. Katika ule wa zamani mkono wa kulia ndio unaoendesha: anacharaza kwa nguvu, anasimamisha nyuzi ghafla kwa kiganja, gitaa linakuwa ngoma, na sauti inapanda juu yake kama mtu anayedandia gari lililokwisha kuondoka. Katika ule wa 2006 sauti ndiyo inayotangulia. Gitaa linamsubiri amalize neno. Konsonanti zake zinasikika zote, hata za mwisho wa mstari, mahali ambapo waimbaji wengi wa roki humeza nusu. Hiyo ni tabia ya msomaji wa qasida. Hata Alun Davies, mpiga gitaa aliyekuwa naye tangu 1970 na aliyerudi kwenye albamu hii, anapiga kwa kujizuia kuliko zamani.

Wimbo wa kuanzia kwa mtu wa kwetu ni The Beloved. Ni kasida ya kumsifu Mtume, haina jina jingine linaloifaa, ila imeandikwa kwa Kiingereza na ina ala. Aliyealikwa kuimba naye ni Youssou N'Dour wa Senegali, na hapo mwaliko haukuwa wa kutafuta jina kubwa. Miaka miwili tu kabla, 2004, N'Dour alikuwa ametoa Egypt, albamu ya kuwasifu mashehe wa tarika za Senegali akiwa na wanamuziki wa Cairo. Kwao baadhi ya Waislamu waliikataa wakisema dini haichezewi na mwimbaji wa mbalax, muziki wa dansi wa kwao, hadi ilipopata tuzo ya Grammy na mapokezi yakabadilika. Basi katika The Beloved wanakutana watu wawili waliosimama kwenye kizingiti kimoja na kuambiwa na watu wao wenyewe: usivuke.

Kizingiti hicho tunacho sisi pia. Nimerekodi vikundi ambavyo dufu ni halali na kinanda ni haramu, na vikundi ambavyo kinanda cha umeme kipo lakini gitaa hapana. Pale msikiti wa Riyadha, Lamu, matari na nai, ile filimbi, ni sehemu ya maulidi tangu enzi za Habib Swaleh, mwanzilishi wake, na wapo waliompinga kwa hilo. Ukija kwenye taarab, udi upo katikati ya jukwaa, na udi huo huo ndio uliovuka kwenda Ulaya kupitia Hispania ya Waislamu. Yusuf mwenyewe alipoulizwa kwa nini amerudia ala alieleza kwamba alisoma upya, na katazo la wazi la muziki ndani ya Qur'ani hakuliona. Siandiki haya ili kutoa fatwa, sina elimu hiyo. Nataka msomaji ajue kwamba kila uzi unaopigwa katika albamu hii mwenyewe aliutafakari kwanza. Mwanawe ndiye aliyeleta gitaa nyumbani. Alfajiri moja, baada ya swala, nyumba ikiwa bado imelala, baba akalichukua, na vidole vikakumbuka.

Wimbo mwingine wa kukaa nao ni Heaven/Where True Love Goes. Sehemu ya wimbo huo imetolewa kwenye Foreigner Suite ya 1973, kazi ya dakika 18 iliyojaza upande mzima wa sahani. Ile ya zamani ilikuwa inaenda kila upande, kinanda kinakimbia, kwaya inaingia, na katikati ya msukosuko huo kulikuwa na kipande kimoja cha dhahabu ambacho hakikupewa nafasi. Miaka 33 baadaye amekirudia, akakiondolea vurugu, akakipa kiitikio kinachosema anakwenda kule penzi la kweli linakokwenda. Mwaka 1973 mtu angesikia mwanamke. Sasa ukiujua mwendo wa maisha yake unasikia kitu kile ambacho mashairi yetu ya kale yamekifanya siku zote, mahaba ya mtu na mahaba ya Mola kusemwa kwa maneno yale yale, na msikilizaji akaachiwa achague.

Amefanya hivyo pia na I Think I See the Light, wimbo wa Mona Bone Jakon. Aliuandika miaka saba kabla ya kusilimu! Kichwa chake kinasema nadhani naiona nuru. Alipourudia 2006 hakuhitaji kubadili kichwa.

Wimbo pekee wa kuazima ni Don't Let Me Be Misunderstood, ambao Nina Simone aliurekodi 1964 na The Animals wakaupa umaarufu mwaka uliofuata. Ni ombi la mtu anayesema nia yangu ni njema, nisieleweke vibaya. Aliuweka hapo kwa makusudi. Matamshi yake ya 1989 kuhusu Salman Rushdie, mwandishi aliyetolewa fatwa ya kuuawa, yalizua mzozo uliomfuata miaka yote, na yeye ameshikilia kwamba hakuunga mkono kuuawa kwa mtu. Septemba 2004 ndege aliyopanda kutoka London kwenda Washington iligeuzwa ikatua Bangor, Maine, akakataliwa kuingia Marekani na kurudishwa. Anauimba bila kupandisha sauti. Ningekuwa mimi ningepiga kelele.

Si kila kitu kimenikaa sawa. Rick Nowels, prodyuza, ana mkono laini sana, na mahali pengine fidla zimemwagwa kama sukari kwenye chai ambayo tayari ina sukari. Vipande vifupi vya kusemwa, When Butterflies Leave na Whispers from a Spiritual Garden, vinahitaji msikilizaji mwenye subira. Mimi huvivumilia kwa kuwa ndivyo alivyoniingia kwanza, kwa kusimulia. Greenfields, Golden Sands unafunga albamu vizuri. In the End, unaohusu siku ya hesabu, ningeuweka mwisho kabisa.

Jalada linasema Yusuf tu, bila Islam, bila Stevens, na kuna kikombe. Mwaka 1970, kwenye Tea for the Tillerman, mtunzi aliweka chai mezani kwa ajili ya mshika usukani. Mwenyewe alisema anayemtafuta Cat Stevens huenda akampata humu, na anayemtafuta Yusuf achimbe kidogo.

Ustadhi alikuwa hai albamu ilipotoka, macho yakiwa yamepungua nuru. Nilimpelekea kompyuta yangu, nikamvalisha spika za masikioni kwa mikono yangu, nikamwekea The Beloved. Alisikiliza hadi mwisho ameinamisha kichwa.

"Gitaa hilo ni lako, mwanangu, mimi sihusiki nalo," aliniambia. Kisha akanishika mkono kabla sijazivua. "Na huyo wa pili, anayeimba kwa Kiafrika, ni nani?"

Nikamwambia ni Msenegali.

"Mrudishe."