Si kweli kwamba Meya ndiye bosi wa jiji

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ukisema kwamba Tanzania Meya ndiye mwenye jiji: anaajiri, anafukuza na anasaini malipo, kwa hiyo mwenye shida asihangaike na ofisi za mtaa, amfuate yeye moja kwa moja. Sivyo.

Meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, na kazi yake kubwa ni kuongoza vikao vya baraza. Shughuli za kila siku, pamoja na watumishi na fedha, zipo chini ya Mkurugenzi wa Jiji, ambaye huteuliwa na Rais. Hakiki mwenyewe: chukua tangazo lolote la zabuni la halmashauri ya jiji, tazama chini limetolewa na nani. Utakuta Mkurugenzi. Ukitaka zaidi, soma Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982.

Watu huchanganyikiwa, na si ajabu. Meya ndiye anayeonekana na joho na mkufu kwenye sherehe, halafu tunasikia habari za London, ambako wananchi humpigia kura Meya wao wenyewe.

Barua ya utambulisho inaanzia kwa mtendaji wa mtaa. Mtaro ulioziba, mwone mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana, mtendaji wa kata au diwani. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Unawapotezea watu nauli bure.