Bromelia na Mbwa wa Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli

Wapo wakazi wa Nairobi wanaofuga mbwa ambao huikataa bromelia wakiamini kwamba mmea wenye rangi kali namna ile hauwezi kukosa sumu. Ukweli ni kwamba bromelia ni ya ukoo mmoja na nanasi, na wekundu wake ni wa majani maalumu ambayo, katika misitu ya Amerika, huwavutia ndege wafyonzao mbochi. Shirika la kutetea wanyama la Marekani, ASPCA, limeziweka bromelia kadhaa, zikiwemo Neoregelia na Aechmea fasciata, katika orodha ya mimea isiyo na sumu kwa mbwa na paka.

Hata hivyo, kutokuwa na sumu hakuufanyi mmea kuwa chakula. Mbwa akila majani mengi anaweza kutapika au kuharisha, na miiba midogo ya kingo za Aechmea inaweza kumkwaruza mdomo.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara zaidi ni kwamba, jani likishakuwa salama, chungu kizima ni salama. Majani ya bromelia nyingi huunda kikombe kinachohifadhi maji, na mbwa mwenye kiu huyanywa. Mbolea ya maji au dawa ya wadudu iliyopuliziwa kitaluni huweza kubaki humo, kwa hiyo unaponunua mmea kando ya Barabara ya Ngong, muulize muuzaji ameupulizia nini, kisha usuuze kikombe hicho kwa maji safi na kuyabadilisha kila wiki, jambo ambalo pia huwanyima mbu mahali pa kuzaliana. Dawa ya konokono yenye metaldehaidi isitiwe kabisa katika chungu ambacho mbwa anakifikia, kwa sababu humtetemesha, humtia degedege na inaweza kumuua.

Inasikitisha kwamba bromelia hushukiwa huku mimea ya hatari ikiachwa pale pale. Difenbakia ya sebuleni ina fuwele za kalsiamu oksaleti zinazochoma mdomo na koo. Mbegu za saikadi, mmea wa bustani unaofanana na mnazi mfupi, huharibu ini la mbwa. Brunfelsia, ambayo maua yake huchanua yakiwa ya zambarau na kufifia hadi meupe, humletea mitetemeko na degedege.

Wengi pia huamini kwamba maziwa huzima sumu yoyote. Maziwa si kiuasumu, na kumnywesha mbwa maji ya chumvi ili atapike ni kumwongezea hatari, kwa kuwa chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwake. Mbwa akitetemeka, akitokwa na mate mengi au akitapika mfululizo, mpeleke mara moja kwa daktari wa mifugo aliye karibu, au katika kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, ukiwa na kipande cha mmea alioutafuna pamoja na pakiti ya dawa yoyote iliyotumika katika chungu hicho.