Maana ya "mvua za hapa na pale, kisha ukavu" katika utabiri wa hali ya hewa wa Lamu

Kila masika yanapokaribia kwisha, mwelekeo wa hali ya hewa wa ukanda wa Pwani huanza kubeba maneno yanayofanana: mvua nyepesi za hapa na pale zinatarajiwa mwanzoni mwa juma, na siku zitakazofuata zitakuwa kavu zaidi. Wengi wetu huku Lamu tukiyasikia huelewa kwamba mvua itanyesha leo na kesho, kisha itakatika. Hivyo sivyo maneno hayo yasemavyo, na kwa kuwa watu hupanga kazi zao kwa kuyategemea, inafaa yaelezwe kwa makini.

Mvua za hapa na pale ni mvua inayotarajiwa kunyesha katika baadhi ya sehemu za eneo lililotajwa, bila ya mtabiri kuweza kuzitaja sehemu hizo moja moja. Ni habari ya ueneaji wa mvua, si ya wingi wake. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina viwango vyake katika jambo hili: ikisema maeneo machache, inakusudia chini ya asilimia 33 ya eneo zima, ikisema maeneo kadhaa, ni kati ya asilimia 33 na 66, na ikisema maeneo mengi, ni zaidi ya asilimia 66. Kwa hiyo mkaazi wa mtaa wa Langoni, mjini Lamu, aliyetangaziwa mvua katika maeneo machache, akashinda kutwa bila kuona tone, hakudanganywa. Wakati wa kusi, yaani upepo wa msimu utokao kusini, ni jambo la kawaida kabisa wingu kumwaga maji Shela, mwendo wa kilomita 3 hivi, na mawe ya forodhani mjini yasiloe.

Sababu yake ni mawingu yenyewe. Mawingu ya mvua hizi ni madogo, mara nyingi upana wake ni kilomita chache tu, na huzaliwa juu ya bahari yenye joto kisha yakasukumwa na upepo kuja nchi kavu. Usiku, ardhi hupoa upesi kuliko bahari, na umande, yaani upepo mwembamba utokao bara, huteremka hadi ukakutana na kusi karibu na ufuo. Pale zinapokutana, hewa yenye unyevu husukumwa juu, ikapoa, ikafanya mawingu. Ndiyo maana manyunyu ya kwetu hupenda kuja usiku wa manane na alfajiri, na ifikapo saa nne au saa tano jua limeshatanda, ilhali kwingi bara mvua huja alasiri. Mtabiri anaweza kujua, siku kadhaa kabla, kwamba hewa itakuwa na unyevu wa kuzaa mawingu ya namna hiyo. Wingu lipi litapita juu ya paa la nani, hilo hawezi kulijua.

Sasa tuje kwenye ukavu, ambako ndiko watu hukosea zaidi. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi Lamu. Baada ya hapo ukanda wa mvua unaofuata mwendo wa jua huwa umesogea kaskazini, kusi hupata nguvu na kuvuma sambamba na pwani badala ya kuingia ndani, na maji ya bahari hupungua joto. Mvua basi haikatiki kwa siku moja. Hupungua Juni, ikazidi kupungua Julai na Agosti, huku vipindi vya mchoo, yaani mvua ndogo za msimu huo, vikijitokeza katikati. Siku "kavu zaidi" ni kavu kwa kulinganishwa na zilizotangulia. Tena, katika hesabu za wataalamu, siku huhesabiwa mara nyingi kuwa kavu ikiwa mvua yake haikufika milimita 1. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita 1 ya mraba, kwa hiyo kwa mwenye jabia, yaani birika la kukingia maji ya mvua, kule Faza au Kizingitini kiasi hicho hakijazi kitu, na utabiri wa ukavu unamwambia kweli kwamba maji aliyonayo ndiyo ya kuyatunza. Lakini kwa aliyeanika ng'onda, yaani samaki wa kukausha, manyunyu ya nusu milimita, ambayo hayaiondoi siku katika hesabu ya ukavu, yanatosha kumharibia kazi. Siku ni ileile na utabiri ni uleule, ila maana yake kwa watu hawa wawili haiwi moja.

Lazima pia kuangalia eneo lililotajwa ni kubwa kiasi gani. Kutoka Vanga kusini hadi Kiunga kaskazini ni zaidi ya kilomita 400, na katika Agosti upande wa Mombasa na Kwale kwa kawaida hupata mvua nyingi kuliko Lamu. Pakitajwa Pwani kwa jumla, sehemu ya mvua hiyo huenda ni ya huko. Siku za mbele katika utabiri wa juma zima nazo hazina uhakika ulio sawa na wa kesho, hivyo anayetaka kuanika siku ya tano na asome tena utabiri wa saa 24 jioni ya kuamkia siku hiyo.

Kuna kosa moja ninalolihofia kuliko yote, nalo ni kudhani kwamba siku kavu ni siku ya bahari shwari. Katika msimu wa kusi mambo huweza kuwa kinyume: mvua hupungua wakati uleule upepo unapokaza, mbingu ikawa nyeupe na mawimbi ya nje ya mkanda, kwenye bahari ya wazi, yakawa makubwa. Utabiri wa mvua hausemi lolote juu ya hayo. Tahadhari ya upepo hutolewa kwa kipimo chake, pale unapotarajiwa kuzidi noti 25, yaani takriban kilomita 46 kwa saa, na nahodha anayekwenda Kiwayu au Kiunga anapaswa kuitafuta taarifa hiyo ya upepo na mawimbi peke yake, hata kama juma zima limetangaziwa jua.